‘Vimiminika vya Newton’: Tafsiri sahihi iliyounguza uji

Mwezi uliopita shemeji yangu alinikabidhi karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye doa la uji uliokaukia pembeni. Yeye ni mpishi katika shule moja ya msingi huko kwetu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji kutoka kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko. “Shem,” aliniambia, “wewe ndiye mtu wa Kiswahili. Hebu soma hii kitu uniambie mimi nilikosea wapi.”

Nimezoea kuletewa mashairi, barua za maombi ya kazi na wakati mwingine hotuba za harusi. Karatasi hii ilikuwa maelekezo ya kutumia chombo cha kuchemshia cha stima: pipa la chuma lenye koili tatu ndani, ambazo ni silinda nyembamba zilizolala karibu na kitako cha pipa. Shule ilikuwa imelinunua ili kupunguza kuni. Kwa siku nane za kwanza lilichemsha maji ya chai bila tatizo lolote. Siku ya tisa shemeji aliamua kupikia uji wa wimbi wa watoto wa madarasa ya chini. Baada ya muda alisikia harufu ya kuungua. Alipofunua kifuniko, uji ulifoka ukamrukia mkononi na kuganda hapo hapo. Wanaojua uji wanajua kwamba hauchuruziki upesi kama maji ya moto. Hunata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Koili mbili zilikuwa zimevikwa ukoko mweusi na ya tatu ilikuwa imekufa kabisa. Watoto walikunywa maji siku hiyo.

Bodi ya shule iliketi na kuamua kwamba mpishi alitumia chombo kinyume cha maelekezo. Gharama ya koili ingekatwa kwenye mshahara wake kwa miezi minne. Ushahidi wa bodi ulikuwa ni hiyo karatasi.

Sentensi mbili ndizo zilizobeba kesi nzima. Ya kwanza: “Chombo hiki kimekusudiwa kwa uhamishaji wa joto kwa njia ya myuko asilia katika vimiminika vya Newton pekee.” Ya pili: “Usisumbue kimiminika wakati chombo kinafanya kazi.”

“Nilisoma yote,” shemeji aliniambia. “Nikajiuliza, sasa huyu Newton anauza nini? Nikadhani ni kampuni ya maziwa. Na sisi hatununui maziwa ya kampuni, kwa hivyo nikaona haituhusu. Hiyo ingine nilielewa vizuri. Nikaacha uji usisumbuliwe.”

Leo naomba msomaji aniruhusu nihakiki karatasi hiyo kama ambavyo ningehakiki riwaya au diwani. Kuna mazoea ya kudhani kwamba uhakiki ni wa matini za fasihi tu, na kwamba maelekezo ya mitambo, vibandiko vya dawa na fomu za benki ni vijikaratasi visivyostahili jicho la mhakiki. Mimi naamini kinyume chake. Riwaya ikifasiriwa vibaya, msomaji huchoka na kuiweka chini. Karatasi kama hii ikifasiriwa vibaya, kuna mtu anayechomeka.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mfasiri wa matini hii hakuwa mvivu. Upatanisho wake wa kisarufi ni safi kuliko wa magazeti mengi. Hakuna “kimiminika inachemka” wala “chombo hii”. Alichagua myuko, istilahi inayotumika katika masomo ya sayansi kwa Kiswahili pamoja na mpitisho na mnururisho kutaja njia tatu za kusafiri kwa joto. Sentensi yake isemayo “Hakikisha koili zimezama zote kabla ya kuwasha” ni fupi, wazi na ya kumsaidia mpishi. Zaidi ya hayo, ile sentensi ya vimiminika vya Newton ni kweli tupu kisayansi. Mtengenezaji alijua kwamba chombo chake hakifai kwa uji, na akasema hivyo. Mfasiri naye akasema hivyo. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia mpishi.

Tuanze na kiungo kidogo kabisa cha sentensi hiyo, yaani “vya”. A-unganifu ni mtumwa wa kazi nyingi katika Kiswahili. Kikombe cha Amina ni kikombe anachokimiliki Amina. Kikombe cha chai ni kikombe cha kunywea chai. Kikombe cha bati kimetengenezwa kwa bati, na kikombe cha Uchina kimetoka Uchina. Msomaji huchagua maana kutokana na anachokijua tayari kuhusu nomino inayofuata. Mtu asiyemjua Newton anapokutana na “vimiminika vya Newton” kwenye karatasi ya chombo cha dukani, ataelekea wapi? Ataelekea kwa mmiliki au mtengenezaji, kwa sababu jikoni ndivyo majina ya watu na kampuni yanavyotumika: unga wa fulani, mafuta ya fulani, maziwa ya fulani. Shemeji hakukosea kusoma. Alisoma Kiswahili kama Kiswahili kinavyosomwa.

Newton huyo ni yupi, basi? Ni Isaac Newton, Mwingereza wa karne ya 17, ambaye katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1687, kilichoandikwa kwa Kilatini, aliweka dhana moja kuhusu vitu vinavyotiririka. Alisema kwamba ukinzani unaotokana na sehemu za kimiminika kukosa utelezi hulingana na kasi ya sehemu hizo kutengana. Ukiikoroga kwa kasi maradufu, itakukinza maradufu. Maji hutii kanuni hiyo. Mafuta ya kupikia hutii. Hata asali, kwa kiasi kikubwa, hutii: ni nzito maelfu ya mara kuliko maji, lakini uzito wake haubadiliki eti kwa sababu umeikoroga haraka. Vitu vya namna hiyo ndivyo ambavyo wanasayansi waliokuja baadaye walivipa jina la Newton.

Naomba tutue kidogo kwenye neno utelezi. Newton, alipotaka kuanzisha dhana hii ngumu, alichukua neno la Kilatini ambalo mtu yeyote aliyewahi kukanyaga matope angelielewa. Istilahi ya Kiingereza inayotumika leo kwa mnato nayo imetokana na neno la Kilatini viscum, jina la mmea ambao matunda yake yalitengenezewa ulimbo wa kunasia ndege. Kumbe kilele cha sayansi ya Ulaya kilisimama juu ya utelezi na ulimbo! Nasi neno letu mnato limetokana na kunata, kitendo ambacho ulimbo hufanya na ambacho uji ulifanya kwenye mkono wa shemeji yangu. Wanaodai kwamba maneno ya jikoni na ya shambani hayana hadhi ya kubeba sayansi hawajafuatilia sayansi yenyewe ilikookota maneno yake.

Sasa tuingie ndani ya pipa. Koili inapopata moto ndani ya maji, maji yanayoigusa hutanuka, yakawa mepesi kuliko jirani zake, yakaanza kupanda. Maji baridi huja kushika nafasi yao, nayo hupata moto, nayo hupanda. Huo ndio myuko asilia, na unaitwa asilia kwa kuwa hakuna pampu wala mwiko. Joto lenyewe ndilo linalosukuma. Lakini msukumo huo ni dhaifu mno, kwa sababu tofauti ya uzito kati ya maji moto na maji vuguvugu ni ndogo. Unatosha kwa maji kwa vile maji hayana ukaidi. Yakisukumwa kidogo, huenda.

Uji hauendi hivyo. Unga mbichi uliovurugwa ndani ya maji baridi ni mwepesi, lakini joto likikaribia nyuzi 70 za Selsiasi chembe za wanga hunywa maji, zikavimba na kusongamana. Hapo mpishi husema uji umeshika. Tazama kinyume hiki: asali na mafuta huwa mepesi yakipata moto, ilhali uji unaopikwa huwa mzito. Na unaanza kuwa mzito wapi? Palepale penye moto zaidi, yaani kwenye ngozi ya koili. Koili inajivalisha koti la wanga kabla sehemu nyingine ya pipa haijapata habari. Koti hilo halipandi. Kwa kuwa halipandi, joto haliwezi tena kusafiri kwa myuko, bali hubaki kupenya polepole kwa mpitisho, na uji hupitisha joto vibaya karibu sawa na maji yaliyotulia, mamia ya mara chini ya shaba. Koti hukauka, likawa ukoko. Koili haina pa kupeleka moto wake, basi inaendelea kujichoma hadi inakufa.

Msomaji makini atauliza: Je, si uji hulegea ukikorogwa? Naam. Uji ni miongoni mwa vitu ambavyo mnato wake hupungua kadiri vinavyosogezwa kwa kasi. Sosi ya nyanya ni hivyo pia. Ukiinamisha chupa hakitoki kitu, ukiitikisa inakumwagikia sahani nzima. Maziwa lala ni hivyo. Rangi ya ukutani ni hivyo: hulegea chini ya brashi na kukaza ikishapakwa, la sivyo ingeshuka ukutani kama machozi. Hata damu iliyo mishipani mwetu iko katika kundi hilo. Wapo wengine wa kinyume, mathalani wanga wa mahindi uliochanganywa na maji kidogo, ambao ukiuchovya kidole taratibu unakubali na ukiupiga ngumi unakuwa kama ukuta. Wapo pia wasiotikisika hata kidogo mpaka wasukumwe kwa nguvu ya kiasi fulani. Hao wote ndio wasiotii kanuni ya Newton.

Wataalamu wamelishughulikia jambo hili kwa miaka mingi. Mmarekani Eugene Bingham na mwenzake walionyesha mwaka 1919 kwamba rangi ya kupaka si kimiminika cha kawaida, kwani hukataa kusogea mpaka nguvu ifike kiwango fulani. Mwaka 1960 Andreas Acrivos alichapisha uchambuzi wa kihisabati wa myuko asilia katika vitu vya aina hii, na mwaka 1974 Gentry na Wollersheim wakashughulikia hasa silinda ya moto iliyolazwa ndani yake, ambayo ndiyo koili ya shemeji yangu bila uji wa wimbi. Funzo kubwa la tafiti za namna hiyo ni kwamba kitu kinacholegea kikisogea hujisaidia. Mwendo mdogo wa kupanda hukilegeza kando ya silinda, kikapanda zaidi, joto likaondoka vizuri kuliko ambavyo lingeondoka kama mnato ungebaki palepale. Kinachokaza kikisogea hujizuia. Na kile chenye ukaidi, ikiwa msukumo wa joto haujafikia kiwango chake, hakisogei kabisa, na silinda hubaki imefungiwa.

Uji basi unahitaji kusogezwa ndipo usogee. Msukumo dhaifu wa joto peke yake hauwezi kuuamsha. Ndiyo sababu pakawa na mwiko.

Hapa ndipo tunapokutana na kosa la pili la mfasiri, nalo ni kubwa kuliko la kwanza: “Usisumbue kimiminika.” Nina hakika kwamba katika matini ya asili palikuwa na kitenzi cha Kiingereza ambacho humaanisha kutikisa au kukoroga, na ambacho katika muktadha mwingine humaanisha kumtia mtu wasiwasi. Mfasiri alishika maana ya pili. Makosa haya ni ya kawaida, hasa siku hizi ambapo matini nyingi hupitishwa kwanza kwenye programu za kutafsiri kisha mtu akapewa kazi ya kuzipiga pasi. Kwa maji, katazo hilo lina mantiki: ukichokora ndani ya pipa la maji huenda ukagonga koili. Lakini katazo la kukoroga lililofichwa ndani ya neno kusumbua ni la hatari mara mbili. Kwanza, kwa aliyelielewa, linamnyang’anya mwiko. Pili, linampa uji utu, uji usisumbuliwe, kama mzee aliyejipumzisha kibarazani, na kwa njia hiyo linafuta uhusiano wowote na kazi halisi ya mikono ambayo mpishi anaijua. Angeambiwa “usikoroge,” shemeji angeshtuka mara moja. Angeuliza, uji gani haukorogwi? Neno sahihi la jikoni lingemwamsha. Neno la adabu lilimlaza.

Bodi iliniletea hoja yake, nayo haikuwa ya kipuuzi. Mwenyekiti aliniuliza: “Mwalimu, kwani kuna mpishi katika nchi hii asiyejua kwamba uji hukorogwa? Si hata mtoto anajua?” Swali hili lilinikosesha usingizi, kwa kuwa ni kweli. Shemeji amekoroga uji tangu akiwa na umri wa miaka saba. Nilimrudia nikamuuliza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Shem, mimi nilijua. Lakini karatasi ilisema. Na chombo kilikuwa cha bei. Nikasema labda hii ya stima ni tofauti, wale waliotengeneza wanajua kuliko mimi.”

Sijawahi kusikia uhakiki mkali zaidi wa hali ya Kiswahili katika sayansi. Mtu mwenye maarifa aliyaweka kando mbele ya maandishi asiyoyaelewa, kwa sababu ya kutoyaelewa. Ugumu wa lugha ulisomeka kama ushahidi wa elimu. Sote tumechangia hali hiyo, mimi nikiwemo. Tumewazoesha wasomaji wetu kwamba Kiswahili kikiwa cha kitaalamu lazima kiwe kigeni, na kwamba asiyekielewa ajilaumu mwenyewe. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lakini lugha haiwi rasmi kwa mpishi kwa sababu imechapishwa upande wa pili wa karatasi ya maelekezo.

Kosa la tatu liko katika neno kimiminika lenyewe. Ni neno zuri, limeundwa kutokana na kumimina, na halina kasoro darasani. Ila jikoni linafunika tofauti ambazo Kiswahili kilikuwa kimeshazitenganisha zamani. Maji hutiririka. Mchuzi mwepesi huchuruzika. Asali hudondoka kwa uzi. Uji mzito huporomoka kwa mafungu. Gundi hunata. Mafuta ya ng’ombe huganda. Bamia huteleza na kuvutika. Na kwa ile hali ya uzito usio wa maji wala wa kitu kigumu tunalo neno rojorojo, ambalo kila mpishi analo ulimini. Kila kitenzi hapo kinaeleza namna kitu kinavyoitikia nguvu, na hilo ndilo swali lilelile aliloliuliza Newton.

Je, basi tuseme rojorojo ndiyo istilahi tuliyokuwa tukiitafuta kwa vitu visivyomtii Newton? Ningependa sana, lakini uaminifu unanikataza. Asali ni nzito, na wengi wangeiita rojorojo, ilhali inamtii Newton. Maziwa lala yaliyopigwa vizuri huonekana mepesi, ilhali hayamtii. Neno la jikoni linapima uzito kwa jicho na kwa kijiko, wala halipimi jinsi uzito unavyobadilika kwa kasi ya kukoroga. Mwanasayansi anahitaji kipimo hicho cha pili, na kwake “giligili isiyo ya Kinewtoni” inaweza kukaa. Nasisitiza Kinewtoni, pamoja na kiambishi ki- cha namna, badala ya “ya Newton”. Tofauti ya herufi chache inaondoa dhana ya mmiliki, kama vile mavazi ya Kihindi si mavazi ya Mhindi fulani.

Hata hivyo istilahi hiyo nayo ina udhaifu ambao haukuletwa na Kiswahili. Inataja vitu kwa kile ambacho sicho. Ni kama kuita Kikamba, Dholuo, Kijapani na Kirusi “lugha zisizo Kiswahili”. Si uongo, ila haikusaidii kuagiza chakula katika hata moja. Vitu visivyo vya Kinewtoni ni vingi kuliko vilivyo vya Kinewtoni, na vina tabia zinazopingana. Ndiyo maana napendekeza tuvigawe kwa vitenzi tulivyo navyo: vinavyolegea vikikorogwa, vinavyokaza vikikorogwa, na vikaidi, yaani vile vinavyogoma mpaka visukumwe vya kutosha. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili akisikia vinavyolegea na vinavyokaza, ameshapata nusu ya somo kabla mwalimu hajaandika mlinganyo wowote ubaoni.

Suala la nani hupewa a-unganifu katika sayansi linanikumbusha kijana mmoja wa Tanganyika, Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, alitia kwenye friji mchanganyiko wa maziwa na sukari ukiwa bado moto, akaona umeganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Alipouliza darasani alichekwa, na mwalimu mmoja akamkejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Dar es Salaam aliyemsikiliza badala ya kumcheka, walichapisha makala kuhusu jambo hilo, na leo linaitwa kwa jina lake. Wanasayansi wangali wanabishana. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo yanayolitilia shaka, na myuko ni mojawapo ya maelezo ambayo yamewahi kutolewa. Hilo ni la wanafizikia. Mimi linalonishughulisha ni kile kiungo “ya”. Katika kinywa cha mwalimu kilikuwa tusi, kwa maana kwamba fizikia hii ni yako peke yako. Kikiambatana na Newton, kiungo hichohicho ni sheria. Mpemba alianzia kwenye maziwa yanayochemka, na shemeji yangu kwenye uji. Wote wawili walikuwa wameona kitu kwa macho yao, na wote wakaambiwa kwamba maarifa yako kwingine.

Niliiandikia bodi ukurasa mmoja. Sikuandika kuhusu Acrivos wala ulimbo. Niliandika kwamba maelekezo yaliyotolewa kwa mpishi hayakutaja uji, hayakutaja kukoroga, na sentensi pekee iliyohusu uji ilitumia jina la mtu ambaye hakutambulishwa. Niliandika kwamba mtu hawezi kuadhibiwa kwa kukiuka katazo ambalo halikusemwa kwa lugha anayoitumia, hata kama kila neno la katazo hilo limo katika kamusi. Bodi imesimamisha makato. Pesa zilizokatwa mwezi wa kwanza hazijarudishwa hadi ninapoandika makala haya, na nimewaambia kwamba nitaendelea kuuliza.

Waliniomba pia niandike maelekezo mapya ya kubandikwa ukutani. Niliandika sentensi nne:

“Chombo hiki ni cha kuchemshia maji, chai ya rangi na vitu vingine vyepesi kama maji. Usipikie uji, mchuzi mzito wala kitu chochote cha rojorojo. Vitu hivyo havipandi vyenyewe vikipata moto, bali hushika kwenye koili na kuungua. Uji upikwe kwenye sufuria, na ukorogwe mara kwa mara.”

Wanafizikia watanisahihisha kwamba nimeiweka asali upande usio wake. Nakubali. Shule ile haichemshi asali.

Nilimpelekea shemeji rasimu hiyo aipitie kabla haijabandikwa. Bendeji ilikuwa imetolewa, na ngozi mpya ilikuwa bado ya waridi. Aliisoma polepole akifuata kwa kidole, akafika sentensi ya mwisho, akaomba kalamu. Alifuta “mara kwa mara”, akaandika juu yake: “mwiko ukigusa chini, bila kuacha.”

“Mara kwa mara ndiyo inaunguzanga, Shem,” alisema.

Sentensi hiyo ndiyo iliyo ukutani sasa.